Jinsi ya Kufundisha Jamii Kuhusu Kifua Kikuu Mpaka Watu Waende Kupima

Kifua kikuu (TB) kina dawa, na dawa hizo zinaponya. Hata hivyo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 walikufa. Waliogunduliwa na kuandikishwa mwaka huo walikuwa kama milioni 8.2. Waliobaki, zaidi ya milioni mbili na nusu, ama walikohoa bila kujua wanaumwa nini, ama walitibiwa mahali ambapo hakuna aliyewaandika. Unaposimama kufundisha, hao ndio unaowatafuta.

Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja cha mafanikio: ni wangapi walifika kituoni wakatoa makohozi baada ya somo lako. Wingi wa wahudhuriaji na picha za mkutano hupendeza kwenye ripoti tu. Mwongozo unamfaa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, kiongozi wa dini au wa kikundi, na mtu aliyepona TB anayetaka kuwasemesha wenzake. Si lazima uwe daktari. Yatakiwa ujue mambo machache kwa uhakika, na ujue pa kumpeleka mtu.

Hatua ya 1: Anzia kituo cha afya

Kabla hujamwambia yeyote "nenda ukapime", nenda wewe. Uliza makohozi hupokelewa siku gani na saa ngapi, nani anayapokea, vikopo vinapatikana wapi, majibu hutoka baada ya muda gani na humfikiaje mwenyewe. Uliza gharama pia. Katika nchi nyingi dawa za TB hutolewa bure kupitia mpango wa taifa, lakini eksirei au kumwona daktari huenda kukawa na malipo, na watu watakuuliza hadharani. Fahamiana na mhudumu wa kliniki ya TB na umweleze unachokusudia, ili wageni wako wasimshtue.

Hatua hii wengi huiruka kwa kuwa haina jukwaa. Lakini mtu aliyejikaza akaacha kazi zake, akafika na kuambiwa arudi wiki ijayo, mara nyingi harudi tena, na majirani watapata habari hiyo kabla yako. Kama kituo hupokea makohozi siku mbili tu kwa wiki, panga somo lako liangukie siku moja kabla ya mojawapo.

Hatua ya 2: Sikiliza kabla ya kusema

Kaa na watu wachache wa rika na kazi tofauti. Waulize: mtu akikohoa mwezi mzima hapa, watu husemaje? Huanzia wapi kutafuta tiba? Nani huambiwa kwanza, na nani hufichwa? Andika majibu bila kusahihisha lolote. Utasikia kwamba amerogwa, kwamba ni ugonjwa wa ukoo, kwamba ni vumbi au sigara, kwamba amekula chombo kimoja na mgonjwa, kwamba bila shaka ni UKIMWI.

Kila jibu kati ya hayo lina kitu ambacho watu wamekiona kwa macho yao, na hapo ndipo pa kuanzia. Anayesema ni ugonjwa wa ukoo amemwona baba akiugua, kisha mtoto, kisha shangazi waliyekuwa wakiishi naye. Ukimkatiza kwa "si kweli", unamwambia macho yake yanamdanganya. Mwambie hivi: umeona sawasawa kwamba unapita ndani ya familia, sasa tutazame unapitaje. Wanaolala chumba kimoja huvuta hewa moja. Damu ya ukoo haihusiki.

Hofu ya UKIMWI nayo ina mzizi. Virusi vya UKIMWI hudhoofisha kinga ya mwili, na anayeishi na VVU yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua TB kuliko mwingine. Ndiyo sababu kila mgonjwa wa TB hushauriwa kupima VVU. Lakini ukitazama dunia kwa jumla, wagonjwa wengi wa TB hawana VVU kabisa. Sema yote mawili kwa pamoja. Ukisema la kwanza peke yake, wenye kikohozi watajificha zaidi.

Kuhusu uchawi, ushauri wangu ni usibishane. Ubishi wa imani mbele ya watu hauna mshindi. Omba kitu kimoja tu: makohozi yapimwe, na dua au tiba nyingine isicheleweshe kipimo. Nenda pia kwa waganga wa tiba asili na wauzaji wa maduka ya dawa, kwa heshima, kama wenzako katika kazi. Wao humwona mwenye kikohozi mapema kuliko daktari. Mwuza dawa anayeuza chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi kwa mteja yule yule, akajua kumwambia "sasa nenda ukapime makohozi", anaweza kuokoa watu wengi kuliko mkutano mkubwa.

Hatua ya 3: Wafuate walipo

Mkutano wa saa nne asubuhi penye kliniki ya mama na mtoto utajaa wanawake, na ni vizuri. Ila mwaka 2023, kati ya kila watu 100 waliougua TB duniani, 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake na 12 watoto na vijana wadogo. Wanaume hawaji kwenye mikutano ya afya. Wafuate kwenye vituo vya usafiri, machimboni, kwenye maeneo ya ujenzi, viwanjani. Wachimbaji wana sababu yao ya pekee: vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu na kuyafungulia TB mlango. Usisahau magereza na mabweni, penye watu wengi na hewa kidogo.

Kikundi cha watu kumi hadi ishirini kinatosha. Kaeni nje, au ndani madirisha yakiwa wazi. Ukifundisha TB kwenye ukumbi uliofungwa, somo lako limeshajipinga.

Hatua ya 4: Fundisha njia ya hewa mpaka ieleweke

Hapa pasipoeleweka, mengine yote yanayumba. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba ameona kimelea kinachosababisha kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila 24 Machi. Kimelea hicho ni bakteria. Hutoka kwa mtu mwenye TB ya mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuzungumza au kuimba, kikaelea hewani ndani ya matone madogo mno. Katika chumba chenye giza kisichopitisha hewa huweza kuelea kwa saa kadhaa. Hewa inayopita hukitawanya, na mwanga wa jua hukiua.

Maneno haya yapewe onyesho. Mkiwa chumbani, fungeni mlango na madirisha kwa dakika chache za onyesho hili tu, mtu mmoja anyunyize manukato kwenye kona, na kila anayesikia harufu ainue mkono. Mikono itapanda mmoja mmoja mpaka ukuta wa pili. Kisha fungueni kila kitu, msubiri kidogo, mwulizane nani bado anaisikia. Acha watu wenyewe waseme maana yake. Huwa wanaisema vizuri kuliko mwalimu.

Baada ya hapo uliza: basi TB huambukizwa kwa sahani? Kwa kushikana mikono? Kwa shuka, nguo, choo? Jibu ni hapana kwa yote. Kaa hapa, usiharakishe. Kuna wagonjwa wanaotengewa kikombe chao huku wakilala chumba kimoja na watoto watatu, dirisha limefungwa kwa kuogopa baridi. Familia hiyo imemwumiza mgonjwa kwa fedheha na haijajikinga na chochote.

Hatua ya 5: Tofautisha kuambukizwa na kuugua

Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa TB. Wengi wao hawaumwi, hawakohoi, hawamwambukizi mtu. Kinga ya mwili imewafungia vimelea hao. Kati ya walioambukizwa, asilimia 5 hadi 10 hivi ndio watakaougua katika maisha yao, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. VVU, utapiamlo, kisukari, sigara na ulevi huipandisha.

Katika jimbo la Jharkhand nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulizipa baadhi ya familia za wagonjwa nyongeza ya chakula, na waliougua TB katika familia hizo walipungua kwa karibu asilimia 40 kuliko katika familia ambazo hazikupewa nyongeza hiyo. Simulia habari hii kwa viongozi wa jamii. Wengi wao huiona TB kuwa kazi ya hospitali peke yake.

Hatua ya 6: Dalili, kwa lugha ya nyumbani

Usisome orodha. Uliza nani ana mtu nyumbani aliyekohoa wiki mbili au zaidi. Hicho ndicho kipimo cha kukariri. Kisha ongeza homa, hasa za jioni, jasho la usiku linalolowesha nguo, kupungua uzito bila sababu, hamu ya chakula kuisha, maumivu ya kifua, makohozi yenye damu. Sisitiza kwamba hakuna haja ya kungoja damu. Watu wengi hudhani bila damu si TB, na kwa dhana hiyo miezi hupita.

Makundi mawili yana kanuni tofauti. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili. Kikohozi cha hata siku moja kinatosha kwenda kupima. Mtoto naye mara nyingi hatoi makohozi. Mtazame asiyeongezeka uzito, aliyechoka, asiyecheza kama zamani, mwenye homa isiyoeleweka, na zaidi kama nyumbani kuna mtu mzima anayetibiwa TB.

TB pia hushika tezi za shingoni, uti wa mgongo, figo, hata utando wa ubongo. TB ya nje ya mapafu kwa kawaida haiambukizi, lakini inatibiwa vile vile.

Hatua ya 7: Fanyeni mazoezi ya kutoa makohozi

Watu hupeleka mate, kipimo kinasema hakuna kitu, kisha jamii nzima inaamini kipimo ni cha uongo. Onyesha kwa vitendo. Suuza kinywa kwa maji. Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, itoe. Rudia mara mbili au tatu. Kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, uteme ndani ya kikopo bila kuchafua nje, ufunike vizuri. Makohozi mazuri ni mazito. Mate ni mepesi na yana povu. Ya alfajiri, kabla ya kula, ndiyo bora. Yatolewe nje, penye hewa, mbali na watu wengine.

Watu watacheka mnapofanya zoezi hili. Waache, kwa kuwa aliyecheka huko hataona haya sana akiwa mbele ya mhudumu.

Eleza kwamba siku hizi vituo vingi hutumia mashine za kutambua vinasaba vya bakteria, kama GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha pia kama bakteria wana usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Mtoto asiyeweza kukohoa makohozi anaweza kupimwa kwa kinyesi. Mzazi akilijua hili, safari ya kituoni haimtishi.

Hatua ya 8: Zungumzia miezi sita bila kuficha kitu

TB ya kawaida kwa mtu mzima hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya dawa nne, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha minne ya isoniazidi na rifampisini. Mara nyingi hizo dawa huunganishwa kwenye kidonge kimoja. Watoto ambao ugonjwa wao si mkali wanaweza kutibiwa kwa miezi minne. TB sugu, yaani ile isiyosikia dawa za kawaida, nayo ina matibabu mapya ya vidonge ya miezi sita kwa wengi, ambapo zamani ilichukua mwaka na nusu au zaidi, tena pamoja na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa.

Tatizo huanza pale mgonjwa anapopata nafuu, na hilo hutokea mapema, wiki chache tu baada ya kuanza. Kikohozi kimepungua, uzito umerudi, kazi inamwita. Kwa nini aendelee kumeza? Kwa sababu bakteria waliokufa kwanza ni wale wepesi kuuawa. Waliobaki ni wachache na wagumu, na akiacha, hao ndio watakaozaana na kurudi wakiwa huenda wamezoea dawa. Mweleze mapema, siku anayoanza, kwamba ataona amepona kabla hajapona.

Mweleze pia maudhi ya dawa kabla hajayakuta peke yake:

- Mkojo, jasho na machozi huwa na rangi ya chungwa. Ni rifampisini, haina madhara. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu na huacha dawa siku hiyo hiyo.
- Ganzi au kuwaka moto miguuni: kuna vitamini B6 kwa ajili hiyo, aiombe kliniki.
- Njaa kali. Hii wahudumu wengi hawaitaji, ilhali mgonjwa asiye na chakula cha kutosha huacha dawa kwa kuikimbia njaa. Mtafutieni msaada wa chakula mapema.
- Macho kuwa manjano, kutapika mfululizo, au uoni kufifia na rangi kuchanganyika: aende kituoni siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya ARV (dawa za kufubaza VVU), kwa hiyo kila dawa anayotumia aitaje kliniki. Pombe nayo huongeza mzigo kwenye ini.

Kisha mchague pamoja msimamizi wa dawa: mtu anayemwona akimeza kila siku na kumkumbusha kliniki. Mgonjwa mwenyewe achague. Mke au mume si lazima. Wapo wanaopendelea jirani, rafiki wa kazini, au aliyewahi kuugua. Akikosa siku chache, msiende mlangoni kwake kama polisi mkimwita mtoro. Ulizeni kilichomzuia, mara nyingi kitakuwa nauli, njaa, safari au aibu, mkitatue hicho.

Hatua ya 9: Kinga nyumbani kwa mgonjwa

Akigundulika mtu mmoja, wote wanaoishi naye wachunguzwe, hata wasiokohoa. Wenye ugonjwa waanze matibabu. Wasio nao, hasa watoto chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU, wapewe tiba kinga baada ya mhudumu kuhakikisha hawana TB. Kuna ya isoniazidi kila siku kwa miezi sita, na kuna fupi zaidi, mfano dozi moja kwa wiki kwa wiki 12. Hapa utakutana na upinzani mkali: kwa nini mtoto asiyeumwa ameze dawa? Rudi kwenye hatua ya 5. Mtoto mdogo aliyeambukizwa huugua haraka kuliko mtu mzima, na TB ya utando wa ubongo huua au kuacha ulemavu.

Chanjo ya BCG, iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921, hupewa mtoto anapozaliwa na humkinga na aina hizo kali. Kwa mtu mzima kinga yake ni haba, kwa hiyo kovu la begani lisimfanye mtu apuuze kikohozi.

Ndani ya nyumba: madirisha wazi mchana, mgonjwa alale peke yake majuma ya mwanzo ikiwezekana, afunike mdomo kwa kiwiko au kitambaa anapokohoa, avae barakoa akiwa karibu na watu. Dawa zinazofaa zikishamezwa wiki mbili hivi, uambukizaji hupungua sana. Ale na wenzake, acheze na watoto nje. Mama mwenye TB anaweza kuendelea kunyonyesha huku akitumia dawa na kuvaa barakoa.

Hatua ya 10: Mpe nafasi aliyepona

Kwa maoni yangu, dakika kumi za mtu aliyepona huzidi saa nzima ya mtaalamu. Lakini awe amekubali mwenyewe, bila kusukumwa, na mkubaliane mapema asichotaka kuulizwa. Usimtaje mgonjwa yeyote wa eneo hilo, hata kwa kuficha jina, watu humjua. Na usimwombe mtu anyooshe mkono kama anakohoa. Waambie utabaki pembeni baada ya mkutano, kisha ubaki kweli, mahali pasipo macho ya watu. Maswali ya maana huja hapo, mara nyingi kwa mtindo wa "kuna rafiki yangu ana kikohozi". Mhudumie huyo rafiki bila kuuliza ni nani.

Hatua ya 11: Hesabu na ufuatilie

Weka daftari lenye hesabu tano: uliowapa rufaa, waliofika, waliotoa makohozi, waliogundulika, walioanza dawa. Majina yabaki kwako na kliniki. Kisha tazama watu wanapotea wapi. Kama rufaa ni nyingi na wanaofika ni wachache, tatizo ni nauli, saa za kituo au hofu. Fuatana nao, au panga siku ya kukusanya makohozi huko huko waliko. Kama wamefika na hawakutoa makohozi, hatua ya 7 haikueleweka, au kituo kina kasoro unayopaswa kwenda kuizungumza. Waliogundulika wasioanza dawa wafuate wiki hiyo hiyo.

Watembelee pia walioambiwa hawana TB. Kipimo kimoja huweza kuikosa, hasa kama makohozi yalikuwa mate, au kama TB iko nje ya mapafu. Bado anakohoa baada ya wiki mbili nyingine, bado anakonda? Mrudishe, aombe uchunguzi zaidi na eksirei ya kifua, na ukiweza mwende pamoja.